Nyumba Niliyoambiwa Imeungua

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Bunia, tarehe 18 Julai 2009

Jina langu ni Élise Dhena, mjane, umri miaka hamsini na miwili, muuza samaki, mkaaji wa Mahagi-Port. Kwa sasa nimefikia mtaa wa Lumumba, kwa mwalimu Katsuva na mke wake. Nasema mbele ya afisa Kamate bila kulazimishwa. Nimeambiwa Geneviève amenishtaki kwamba nimemvamia kwake. Kwake! Basi naomba nianze mbali kidogo.

Mnamo Mei 2003, vita vilipofika kwenye avenyu yetu hapa Bunia, mimi na mume wangu Augustin tulikimbia na watoto mpaka Mahagi-Port. Funguo za nyumba tulimwachia Geneviève, jirani yetu. Yeye ni marraine wa binti yetu Prudence, ndiye aliyemshika siku ya ubatizo. Baada ya miezi michache alitupigia simu akilia. Alisema: "Nyumba iliungua yote, mama Prudence. Hata ukuta hakuna. Musirudie huku, batawaua." Tulilia naye. Tulimshukuru hata.

Mwaka 2006 Augustin aliugua tumbo, akajua haponi. Aliomba jambo moja: azikwe nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba yake. Nilimpigia Geneviève kumuuliza kama tunaweza kufika pale hata kwa siku moja. Alijibu: "Mama, kule iko majivu na majani tu. Mumuzike huko huko." Tukamzika Mahagi-Port, kwenye mchanga, kati ya watu tusiowajua. Alikufa akiamini ameacha majivu.

Wiki hii nimekuja Bunia na samaki. Katsuva anafundisha ujenzi, na leo alikuwa anatembeza kundi la wageni kutazama nyumba za Wabelgiji za miaka ya hamsini, zile zenye paa linaloinamia katikati na kuta za matofali ya matundu. Aliniambia: "Mama, weye ulikalaka mu nyumba ya bile. Kuya na siye, utaelezea bageni." Nilikubali. Sikumwambia ilikuwa avenyu gani. Majivu hayana avenyu.

Nyumba mbili za kwanza tulizitazama vizuri. Tukienda ya tatu, mnamo saa nne asubuhi, tulikata kona na niliona paa. Paa letu. Nilidhani nimepotea, lakini mtu hapotei kwenye mlango alioingia akiwa bibi harusi.

Geneviève alikuwa amesimama barazani, amevaa kitenge kipya, akisalimia wageni mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinipa mkono kama wengine. Alisema: "Karibu, mama. Unafika ku Bunia mara ya kwanza?"

Nilijibu: "Ndiyo." Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Ndani aliwapa wageni hadithi ya baba mkwe wake, karani wa mgodi wa dhahabu wa Kilo, aliyenunua nyumba hii Wazungu walipoondoka, akalala wiki nzima barazani akiogopa Mzungu atarudi amkute kitandani. Wageni walicheka sana. Huyo ni baba mkwe wangu. Hadithi hiyo nilimpa mimi, tukitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, naye ameishika vizuri, hata pale ninaponyamaza kidogo kabla ya kitanda, naye alinyamaza. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu nguo yenyewe nilimvalisha mimi.

Tulipotoka nyuma, mgeni mmoja aliuliza kaburi lile ni la nani. Geneviève alisema: "Ni ya baba mukwe." Limepakwa chokaa, safi kabisa. Kando yake, pale Augustin alipoomba, amepanda vitunguu.

Hapo niliketi chini, katikati ya vitunguu. Sikumpiga mtu, sikutukana. Katsuva aliniuliza nina nini. Nilimwambia: "Mwalimu, muendelee. Miye nimefika."

Geneviève aliinama akaniambia sikioni: "Mama Prudence, simama, tuzungumuze ndani." Kumbe alinijua tangu barazani. Nilikataa kusimama, naye akawaita polisi.

Afisa ameniuliza ninadai nini. Mambo ya nyumba wataamua waamuzi. Mimi nataka Geneviève apande gari mpaka Mahagi-Port, asimame kwenye ule mchanga, amwambie Augustin kwa mdomo wake kwamba nyumba yake ilikuwa imesimama siku ile tunamzika. Watoto wawepo wasikie. Nina hasira, na nataka iandikwe kwamba nina hasira.

Nimemaliza. Hayo ndiyo ninayoyajua, na nitayasema tena popote.

Sahihi: Élise Dhena

Tanbihi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye ameyakubali. Alifika kituoni akiwa ameshika vitunguu vitatu vyenye udongo. Ameomba virudishwe kwa Geneviève, kwa sababu ni vyake. Udongo ameukung'uta kwenye kona ya kitenge chake, akaufunga, akaondoka nao.
Honoré Kamate, OPJ (afisa wa polisi ya upelelezi)