Niliuliza Mbele ya Mama Mkwe

Sifa, nakuandikia haraka. Nimetoka darasani sasa hivi.

Unajua kila kipindi cha mazoezi ya vyuma naanza kwa kuuliza kwa sauti, "Kuna mgonjwa? Kuna mjamzito?" Kama tulivyofundishwa chuoni. Leo wote walinyamaza, nami nikafurahi kabisa!

Raundi ya tatu, tunachuchumaa na dambeli, Katarina akayumba. Nikamdaka. Akaninong'oneza, "Mwalimu, nina miezi mitatu. Usiseme, mama mkwe yupo."

Mama mkwe, Sifa! Mama Clemensi, hatua mbili nyuma yake!

Mimba zake mbili zilishatoka, na watu wakasema sana. Hapa Karatu angenyooshaje mkono mbele ya huyo mama? Mimi nikampa kilo kumi!

Nikasema ni kizunguzungu tu. Mama Clemensi akanikazia macho. "Kizunguzungu?" Akamnyang'anya Katarina dambeli. "Kaa chini, mwanangu. Mwalimu, hesabu. Hizi nanyanyua mimi."

Alijua, Sifa. Nikahesabu, naye akanyanyua.

Tumbo likaanza kumuuma Katarina. Wameenda zahanati wote wawili, wameshikana mikono. Nimewaomba wanipigie. Simu haijalia.

Ningemuuliza pembeni tu, Sifa. Pembeni tu.