Ndoo ya Mabibo na Pikipiki Yangu ya Zamani

Alhamisi. Jua linachoma, mabibo yanadondoka kila mahali chini ya mikorosho.

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika kaka zangu wawili na mafundi watatu walioniambia pikipiki yangu haitadumu. Naandika kwa kidole kimoja, lakini naandika.

Pikipiki hiyo niliiuza ili nilipe hospitali, wakati mke wangu Somoe alipofanyiwa upasuaji. Sikumwambia mtu kama iliniuma. Mwezi uliopita nikaikuta kijiji cha Miteja, nyuma ya banda, kuku wanataga juu ya kiti. Niliijua kwa tangi lilivyobonyea, pale nilipoanguka nayo siku namtoa Somoe kwao Milola, bibi harusi mzima na vumbi lake.

Nikainunua hapohapo.

Fundi Chande alicheka. "Babu, hiki ni chuma chakavu. Kutu imeingia mpaka ndani ya tangi."

Nikamwambia nimeanza kufungua injini mama yake bado anacheza rede. Nikakamua mabibo kwenye ndoo, nikaloweka kila chenye kutu ndani ya maji yake makali, kama tulivyofanya zamani kwa majembe. Siku ya nne ndoo ikanuka kama uraka, ile pombe ya mabibo, harufu ikafika mpaka msikitini.

Maalimu Hamisi akaja na fimbo yake. "Mzee Mnali, uzee huu ndio unaanza kupika pombe?"

Nikazamisha mkono, nikamtolea mnyororo unang'aa. Akaunusa, akaondoka anaomba maghufira. Kesho yake akaleta bawaba za mlango wake.

Najisifu, ndiyo. Ila nilikuwa naogopa.

Tangu upasuaji Somoe hatoki nje ya ua. Nilipoileta pikipiki alisema, "Ikiwaka, nitapanda." Alisema hivyo akijua haitawaka.

Leo asubuhi nimepiga kiki. Kimya. Nikapiga tena na tena mpaka goti likaniuma. Ya tisa ikakohoa, ikatoa moshi, ikawaka.

Somoe akatoka amevaa khanga zake za kutokea. Akakaa upande, kama siku ile, akanishika kiunoni. Tukaenda mpaka mwisho wa mikorosho na kurudi. Njiani akanifinya ubavuni mara mbili. Ndiyo alama yetu ya tangu ujana: punguza mwendo.

Na nilikuwa naenda polepole kuliko mtu wa miguu.

Asiyeamini amuulize fundi Chande, alikuwepo, mdomo wazi. Amuulize Maalimu, mlango wake haulii tena.

Somoe msimuulize. Atasema nililia.