Wallahi Niliiona

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
9 Juni

Kwako ndugu yangu Pantaleo,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza na salamu yako makusudi, ili usiseme kama kawaida yako kwamba Abdulmajid anawasalimia watu Kiarabu hata wasiokuwa na haja nacho. Habari za Rombo? Shemeji Candida hajambo? Na magoti yako, hiyo baridi ya mlimani inayaonea huruma au ndiyo inayamaliza? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama Najma anakusalimu sana. Anasema mkungu wa ndizi uliompa mdogo wako Severine atuletee umefika, ila umefika pungufu ya chane moja, na Severine amekataa katakata kwamba anajua ilikoishia.

Utauona mwandiko huu na utajua mara moja kwamba si wangu. Ni wa binti yangu Najma, yule uliyekuwa ukimwita karani. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu wa kulia unanisumbua siku hizi, unakufa ganzi, ndiyo maana nimemwomba anisaidie.

Kariakoo ni ileile uliyoiacha. Meza yangu ya saa imesogezwa mara mbili mwaka huu, na sasa nimebanwa kati ya muuza chaja na mama mmoja wa vitenge. Mtu akija kuulizia betri ya saa, yule wa chaja anamjibu kabla mimi sijafungua mdomo, na wakati mwingine anamjibu vizuri kuliko ambavyo ningemjibu mimi. Duka lako la spea kule Gerezani, Severine analishika vizuri, ila hana maneno. Wateja wako wanalalamika kwamba siku hizi wanauziwa beringi bila kutaniwa, na wanauliza Mangi anarudi lini.

Chama chetu cha Ndege Huru bado kipo. Kila Jumapili jioni, upepo ukitulia, tunakutana Jangwani kurusha ndege zetu ndogo za njiti, zinazosukumwa na mpira uliosokotwa. Zamda ametengeneza ndege mpya. Mbavu zake ni njiti za chelewa, na mabawa ameyafunika kwa ile karatasi laini ya zambarau wanayofungia matufaha sokoni. Ni nyepesi mpaka ukipiga chafya inahama meza. Augustino naye bado anagombana na kile kipande cha dawa ya mbu tunachofunga mkiani kiungue taratibu. Nimemwambia mara mia kwamba kipande kiwe kifupi, moto ukishafika kwenye uzi ukatike, mkia uinuke, ndege ishuke kwa amani. Hasikii. Mwezi uliopita alifunga kipande kirefu kama kidole, ndege ikapanda na hewa ya joto, ikaenda zake Magomeni ikatua juu ya bati la watu. Mwenye nyumba akadhani ametupiwa jambo. Aliimwagia maji ya chumvi kwanza, halafu ndipo akamrudishia. Augustino alirudi ameshika njiti tupu na karatasi imekuwa uji, nasi tukamcheka mpaka tukakaa chini. Nilicheka na mimi. Kisha nikakumbuka kwamba mtu ambaye angecheka kuliko sote hayupo, na kwa nini hayupo.

Sasa nije kwenye barua yako, maana naona nazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Najma alinisomea hapa hapa sebuleni. Umeniomba radhi kwa siku ile ya fainali, uliponiita muongo mbele ya watu. Umesema umekaa mwaka mzima ukiifikiria, na umefika mahali unadhani pengine macho yako ndiyo yaliyokudanganya, kwa sababu mtu aliyesubiri kikombe miaka tisa huona anachotaka kukiona. Ukasema Abdulmajid ni mtu wa swala tano, hawezi kuapa kwa Mungu kwa jambo ambalo hakuliona. Ukaomba barua isomwe mbele ya chama, kwa sababu ulinitukana mbele ya chama.

Ilisomwa, Pantaleo. Mwenyekiti Marcelino aliisoma mwenyewe, amesimama, kofia mkononi. Zamda alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alipomaliza, Mwenyekiti akanigeukia, akasema uamuzi ni wangu mimi niliyekosewa. Nikiridhika, adhabu yako inafutwa na jina lako linarudi kwenye daftari. Nikasimama. Nikasema nimekusamehe. Nikasema binadamu hukosa, na mimi sina kinyongo na mtu. Wakanipigia makofi, na wawili watatu wakaja kunishika mkono wakisema kweli Mzee Majidi ana moyo. Niliwapa mkono wote.

Tangu siku ile sili chakula kikapita. Mama Najma anadhani ni vidonda vya tumbo, ananichemshia mlonge. Si vidonda vya tumbo. Ni aibu, ndugu yangu, na haina mti wa kuchemsha.

Nianze na uongo mdogo ulio karibu. Huko juu nimesema mkono wangu unakufa ganzi. Mkono wangu ni mzima. Sioni. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, miaka mitatu sasa, na la kushoto limelifuata. Kwa vitu vya karibu nilikuwa nahangaika nahangaika na ile lenzi yangu ya kazini, nafungua saa za watu na kuzifunga, na hakuna aliyenishtukia. Lakini mbali pamekuwa ukungu mtupu. Mtu akiwa upande wa pili wa barabara namjua kwa mwendo wake, na akisimama simjui tena. Sikumwambia mtu, hata Mama Najma. Najma mwenyewe amejua wiki tatu hizi tu, nilipomkabidhi barua yako anisomee huku nimeishika kichwa chini miguu juu. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikukingoja kifo, nimeumbuliwa na bahasha.

Utauliza, kama ni miaka mitatu, nilishikaje saa misimu yote ile. Nitakwambia, na utaona jinsi mtu mzima anavyoweza kuwa mjinga kwa sababu ya sifa. Mlikuwa mkiniita Jicho la Mwewe. Mgeni akija uwanjani, jambo la kwanza anaonyeshwa mimi, kwamba yule pale ni fundi saa wa Narung'ombe, akibonyeza hakosei hata nukta. Nikaona tabu kuliacha jina. Basi nikagundua njia. Unajua desturi yetu, ndege ikigusa chini hatupigi makofi. Watu wote huguna pamoja kwa masikitiko, aaah, hata kama ni ndege ya mpinzani. Mimi niliinua uso juu kama ninayeangalia, kidole kikiwa kwenye kitufe, nikawa natega sikio. Mkiguna, nabonyeza. Misimu miwili nilipima ndege zenu kwa masikio, wala hakuna aliyelalamika.

Sasa ikumbuke siku yenyewe. Fainali ilikuwa imeahirishwa kwa sababu Jangwani ilijaa maji, na tarehe mpya tuliipanga bila kuangalia kwamba ndiyo siku ya watani wa jadi. Nusu ya watu walikuja na simu mkononi na mechi imewashwa, na karibu wote ni mashabiki wa upande mmoja. Zamda alikuwa amekwisha ruka, dakika moja na sekunde arobaini na tisa. Ukabaki wewe na ndege yako, Mbayuwayu. Uliuzungusha mpira wa ndege taratibu, nikikusikia unahesabu chinichini mpaka mia nne na ushei, ukawasha dawa ya mbu, ukaiachia, ukaanza kuikimbilia kwa chini na magoti yako yale. Nilisikia mpira ukilia, halafu kimya. Kimya kizuri. Nikasema moyoni leo Mangi anachukua.

Ndipo watu wakaguna. Aaaah! Wote, kwa sauti moja, kwa masikitiko makubwa. Nikabonyeza. Dakika moja na sekunde kumi na saba.

Kumbe ilikuwa ni penalti, imepaishwa.

Nililijua hilo palepale. Hapana aliyeniambia; Mudi, aliyekuwa amesimama begani kwangu, ndiye aliyeanza kumlaani mpigaji, na mimi nikaelewa kwamba hakuna ndege iliyotua, na kwamba Mbayuwayu yuko juu bado na saa yangu imesimama. Ulikuwa ni wakati wa kusema neno moja tu. Kanuni yetu unaijua kuliko mimi, uliiandika wewe: mshika saa akikosea, akikiri, ndege inarudiwa. Neno lenyewe ni "irudiwe." Ningelisema, ungezungusha mpira upya, basi. Lakini wangeniuliza nimekoseaje, mimi, Jicho la Mwewe, ndege iko juu ya kichwa changu. Sikulisema.

Ukarudi unahema, umeishika ndege, mkia umeinuka, unacheka. Ukasema mkia umeinuka ikiwa bado hewani, upande wa barabara ya mwendokasi, umeona kwa macho yako, na kipande cha dawa ulikikata cha kuungua dakika mbili, kwa hiyo dakika mbili zimetimia. Nikakuonyesha saa. Wengine hawakuiona, maana nyuso zao zilikuwa kwenye simu, zao au za wenzao. Mwenyekiti akaniuliza mimi. Na mimi, Pantaleo, nikajibu kwa utulivu kabisa kwamba mkia ulioinuka si ushahidi, kwa kuwa dawa ya mbu inaendelea kuungua hata ndege ikiwa chini. Hoja ile niliifikiri palepale. Hata leo nashangaa jinsi ilivyonijia upesi. Halafu nikaapa. Nikasema wallahi niliiona ikigusa majani.

Ulinitazama usoni ukaniita muongo. Wakakutaka uniombe radhi, ukakataa, wakakusimamisha. Nami nilikaa kwenye kiti changu nikionekana mtu aliyeumizwa.

Nilifunga siku tatu kwa ajili ya kile kiapo. Nilipomaliza nilikwenda kumuuliza shehe wetu, kwa kuzungukazunguka, kama ninayemuulizia mtu mwingine. Alinijibu kwamba ya Mungu, Mungu husamehe, lakini haki ya mja inabaki kwa mja mpaka mwenyewe aiachilie. Nikaitikia, nikaenda zangu, nikakaa mwaka. Sikuwa na ushujaa wa kukuandikia. Uliyeniletea ushujaa ni wewe, uliponiomba msamaha ambao haukuwa wangu kuutoa, nami nikautoa na kupigiwa makofi.

Daktari ameniambia mtoto wa jicho anatolewa, ni shughuli ya siku moja kila jicho, na nimepangiwa mwezi ujao. Nakwambia ili ujue, si ili unihurumie. Tafadhali usije ukanisamehe kwa sababu ya macho. Macho hayakuapa. Ulioapa ni ulimi, na ulimi wangu haujawahi kuumwa.

Nakala ya pili ya barua hii Najma ataiandika usiku huu, na kesho nitampelekea Mwenyekiti Marcelino kwa mkono wangu. Nitamwomba aisome amesimama palepale alipoisoma yako, na mimi niwepo. Saa nitaikabidhi. Kikombe sijui watafanyaje. Zamda hana kosa, na najua akisikia atataka kukirudisha. Mimi nakuamini kwamba mkia uliinuka hewani. Lakini kukuamini kwangu hakuandikwi kwenye daftari. Nimejaribu kutafuta namna ya kukulipa dakika zako na sijaiona, kwa sababu hakuna saa iliyozishika. Ile moja iliyokuwepo niliizima mimi.

Najma alipofika kwenye ile sehemu ya penalti aliweka kalamu chini. Nikadhani ametoka chumbani, nikamwita. Akasema yupo. Akaendelea kuandika. Alikuwa akijisifu shuleni kwamba babake ndiye Jicho la Mwewe. Hilo nalo nimelizima.

Sasa hivi ameniuliza jambo moja. Ameuliza, je, ukijibu kwamba hukunisamehe, anisomee hivyohivyo au anipunguzie makali. Nimemwambia wewe ukitukana, atukane. Ukinilaani, anilaani kwa sauti yake mwenyewe, na asiruke neno. Kwa hiyo andika kama ulivyo moyoni. Tafadhali usimwonee haya mtoto, mimi sikumwonea.

Nisalimie Shemeji Candida, na umwambie ukweli wote kabla hajausikia kwa Severine. Wasalimie wazee wa hapo nyumbani na majirani wote wanaotuulizia. Mama Najma anasema ndizi zilikuwa tamu. Hajui bado nilichoandika, atajua akitoka sokoni. Mungu akutunze na magoti yako.

Ni mimi niliyekukosea,

Abdulmajid
fundi saa