Tovuti Yako Imehama, Yaya, na Mengine Yamebaki Nyuma

Yaya Astride, dada yangu mkubwa mpendwa,

Siku zako za mwisho uliniandikia neno la siri nyuma ya karatasi ya dawa, ukaniambia, "Ile site, usiiache ikufe." Nilikubali haraka, kama watu wanavyomkubalia mgonjwa. Sikuuliza inatunzwaje. Miaka yote ile wewe ndiye uliyekuwa unajua kazi, mimi dada yako mdogo nilikuwa nakufuata tu.

Naikumbuka ilivyoanza. Ulikuwa karani wa parokia kule Manika, karibu na migodi, na kitabu cha maziko kilikuwa mikononi mwako. Mashimo ya wachimbaji yalikuwa yakiporomoka, na vijana waliotoka Kasai, Kivu, kila upande wa nchi kuja kutafuta shaba na kobalti, walikuwa wakizikwa na majina ya utani. Ulikataa kuyaandika. Ukajifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti kwenye ordinateri, ile kompyuta ya zamani ya ofisi, ukampa kila marehemu ukurasa wake: jina lake, kwao, rafiki waliomzika, picha ya msalaba wake. Ulitaka mama aliye mbali akilitafuta jina la mtoto wake, alipate mahali.

Jumamosi tulikuwa tunapanda pikipiki moja ya taxi-moto, wewe katikati, mimi nyuma, mpaka makaburini. Siku moja vijana watatu walikuambia kwamba mwenzao walikuwa wanamwita Bébé tu. Ukaketi kwenye udongo na sketi yako ya kanisani.

"Haiko mutu anazaliwa na ile jina," ukawaambia. "Mama yake alimuita nani?"

"Mama, hatuyue."

"Basi tutangoya. Mutakumbuka."

Jua lilitupiga mpaka mmoja wao akakumbuka kwamba marehemu aliwahi kumtumia ndugu yake simu kwa basi, na jina lake la kweli lilikuwa limeandikwa kwenye kikaratasi cha mzigo kilichobaki hemani. Alikimbia kukileta. Nilikuona unafuta uso kwa kitambaa cha kichwa, na sikujua kama ni jasho.

Baadaye familia zilianza kuandika chini ya kurasa. Wengine mistari miwili, wengine habari ndefu za utoto wa marehemu. Ulikuwa unamjibu kila mmoja, pale mezani kwetu Kapata, huku mimi nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu. Mara nyingine ulinisomea. Mara nyingine ulifunga mashine, ukatoka nje kusimama tu.

Yaya, kampuni iliyokuwa inahifadhi tovuti yako imefunga huduma. Barua yao ilifika katika anwani yako. Waliandika kwa Kifaransa cha heshima kwamba kila mtu ahamishe kurasa zake kwenye jukwaa lingine kabla ya mwisho wa mwezi. Niliisoma mara tatu katika uwanja wa shule, kisha nikaenda kwa tata Dieudonné, yule baba anayetengeneza ordinateri karibu na soko la Manika. Alijitahidi kweli. Siku ya tatu aliniita, akanisogezea kiti.

"Mama, kurasa nimebeba. Mapicha nimebeba. Lakini ile batu baliandika chini, haihame."

"Haihame juu ya nini?"

"Kule kupya hakuna nafasi yayo. Haiko kosa yako, haiko kosa yangu."

Nilimwomba aiandikie ile kampuni. Aliandika mbele yangu. Jibu lilirudi palepale, na aliniambia halikutoka kwa mtu, ni mashine iliyojibu. Lilitushukuru kwa uvumilivu wetu.

Basi nikaanza kunakili yale maneno ya chini kwa mkono. Kila siku baada ya darasa niliketi na simu yangu na kalamu, nikifuata orodha kwa herufi kama ulivyoipanga. Mara courant ya umeme ilikatika na simu ikazimika. Mara mtandao uligoma, nikabaki natazama kiduara kinazunguka. Ningeweza kuomba ruhusa shuleni, niache kila kitu, nimalize. Sikuomba. Nilidhani siku zinatosha. Asubuhi tovuti ya zamani ilipozimwa nilikuwa bado kwenye herufi M.

Tovuti mpya inafunguka, ni nzuri kwa macho. Lakini jukwaa lile lilitengenezwa kwa watu wa maduka. Picha za misalaba limezikata juu na chini ili zilingane, na chini ya kila jina likaweka kitufe chekundu kilichoandikwa "Acheter". Nunua, Yaya. Chini ya Bébé ambaye jina lake tulilingojea juani. Tata Dieudonné alijaribu kukiondoa, kikakataa. Mwisho alikipaka rangi nyeupe ili kisionekane. Kipo bado. Ukigusa kwa bahati mbaya ile sehemu tupu, kinauliza unataka ngapi.

Na kurasa zote zimebadilishiwa anwani. Sikuelewa maana yake mpaka Jumapili iliyopita, nilipotoka misa na simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa Mbuji-Mayi, kule Kasai, Mama Ngalula. Zamani aliishi Likasi, ndiko alikopata Kiswahili chake. Namba yangu aliitoa kwenye ukurasa wa mawasiliano, nilikoiweka badala ya yako.

"Munipatie Mama Astride," akasema.

Nilimwambia hupo tena. Sikuwa nimeandika popote kwamba umekufa, nisamehe. Alinipa pole kwa lugha ya kwao, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Sasa mutoto yangu mulimupeleka wapi? Kila Dimanche, siku ya misa, minafungula pale, minasoma. Leo banasema ile page haiko."

Nikamwambia mtoto wake yupo, nitamtumia anwani mpya.

"Na ile maneno yangu? Na ile Mama Astride alinijibia?"

Mwanawe anaitwa Tshiamala. Yuko kwenye T. Nilimweleza kuhusu kampuni, kuhusu jukwaa, nikajisikia nasema kama ile mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo lilinishinda kuliko kama angenitukana.

"Yangu mi nilisahau," akasema. "Nilikuwa nalia wakati nilikuwa naandika. Lakini yake iko mu kichwa. Shika bic, andika."

Nikaegemea ukuta wa kanisa, nikaandika kwenye karatasi ya nyimbo. Akasema polepole, kama anasoma: "Mama Ngalula, mutoto hakuzikwa peke yake. Barafiki yake bane balimunawisha. Moya alivula chemise yake ya bleu, ilikuwa ingali mupya, akamuvalisha. Nilikuwa pale, niliona."

Akanifanya nimrudishie neno kwa neno. Akasahihisha mahali pamoja, akashukuru, akakata.

Yaya, nilikuwa nawe kwenye maziko ya Tshiamala. Namkumbuka padri, nawakumbuka wale rafiki wanne, na upepo uliokuwa unatupa vumbi machoni. Wakati tunafika, jeneza lilikuwa limekwisha kufungwa. Shati sikuliona, na wewe ulikuwa umesimama kando yangu tangu mwanzo.

Labda wale vijana walikuhadithia. Labda ulilitunga mwenyewe lile shati, kwa sababu mama alikuwa analia mbali na hukuwa na kitu kingine cha kumpa. Labda yeye ndiye aliyelishona kichwani, Jumapili baada ya Jumapili. Siwezi kukuuliza, na maneno yenyewe hayapo popote.

Jumatatu tata Dieudonné alinisaidia kuyaweka kwenye ukurasa wa Tshiamala, chini ya picha ya msalaba uliokatwa. Aliniuliza aandike yametoka kwa nani. Nikamwambia aweke jina lako.

Pumzika, Yaya. Kama nimekosea, unihesabie kwamba nilikuwa peke yangu.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki Kapata.