Mama Kumi na Mmoja wa Plasta

Hollywood, 4 Machi 1946

Mwanangu Ludmila,
Hujambo? Mtoto je? Mimi mzima, kifua tu, vumbi la plasta.
Tunajenga mlima wa miungu wa Wagiriki, ndani ya banda la sinema. Mawingu ni pamba na moshi. Miungu wanaimba, wanadondoka duniani, mmoja anampenda karani wa duka la viatu. Upuuzi. Ila ukishinda mle, unaanza kuamini.
Nimepewa sanamu tisa za mabinti wa nyimbo. Ya tisa nimeipa sura ya marehemu mama yako. Msimamizi kauliza, "Mzee Ondrej, Mgiriki gani ana pua hiyo?" Nikamwambia, "Yule aliyenipikia miaka sita."
Baba yako

Pittsburgh, 15 Machi

Baba mpendwa,
Salamu nyingi. Sisi wazima, mtoto kaota jino.
Barua nimeisoma nimesimama, supu ikaungua. Nyumba ilipoungua na picha zote nilikuwa na miaka miwili, baba. Mama simjui sura. Niletee kichwa tu. Ukinyimwa, iba!
Mwanao Ludmila

Hollywood, 2 Aprili

Mwanangu,
Natumaini hamjambo. Mimi sijui nisemeje.
Wamechagua ya tisa ndiyo ivunjike. Karani anacheza nayo dansi, inamponyoka. Na huku cha kuvunjwa hakimiminwi kimoja tu. Mchezaji akikosea, wanarudia. Nikamimina mama yako mara kumi na moja, mwembamba kama ganda la yai. Wakavunja kumi. Watu wanacheka, mimi nafagia.
Wa mwisho nikamfunga kwenye koti. Getini mlinzi kaniuliza, "Umebeba nani, babu?"
"Mke wangu."
"Mkeo mali ya kampuni." Akamvunja palepale. Ndiyo sheria, hakitoki kitu. Kalibu niliyommiminia wameifungia stoo.
Nisamehe.
Baba yako

Pittsburgh, 10 Aprili

Baba,
Upo salama? Mbona umefanya hivyo kweli! Nilikuwa natania. Wamekufukuza? Jibu upesi.
Ludmila

Hollywood, 29 Aprili

Ludmila,
Salamu kwa mumeo na mtoto.
Wamenifukuza, ndiyo. Nalala sana. Jana nimeota wote kumi na mmoja wamekaa kwenye mawingu ya pamba, wanaimba Kislovakia, wananicheka nilivyonenepa. Nimeamka vidole vinatembea vyenyewe juu ya blanketi, vinatafuta shavu.
Nafika kwa treni Jumanne ya wiki ijayo. Nunua gunia moja la plasta, laini. Usinipikie kwanza. Weka kiti dirishani ukae, nikutazame. Pale nitakapokwama kwa mama yako, nitaazima kwako.
Baba yako