Ufunguo Sikuachii, Baba Nafula

Mpendwa Baba Nafula,

Hilo neno mpendwa nimeliweka kwa sababu shuleni tulifunzwa barua inaanza hivyo. Usijione sana.

Mama yako amenipigia simu kutoka Chwele. Anasema umepata ruhusa kazini huko Nairobi, unakuja tohara ya Agosti hii. Kwa hivyo nikienda kwetu Misikhu nikuachie ufunguo wa nyumba ya Kitale kwa jirani, ulale hapo ukipita. "Si nyumba ni yake pia?" ameniuliza. Yeye nilimjibu kwa heshima, maana hajanikosea. Lakini wewe simu zangu hushiki, basi nakujibu hapa wazi, wasome na wanaume wengine wanaofunga nyumba kama wewe.

Nyumba ni yako? Haya, tukumbushane.

Unakumbuka Pasaka ile tuliyoenda Bungoma mara ya kwanza tukiwa wawili? Mvua ilikuwa ndiyo imeanza, na ploti yote, wapangaji wote, ilikuwa inafunga safari. Unajua sakafu yetu iko chini kuliko uwanja, kwa hivyo maji yote ya ploti hutafuta mlango wetu. Tulichimba mtaro, wewe na jembe, mimi natoa udongo kwa beseni na tumbo langu lile kubwa. Ukapanda juu kutoa majani ya mkaratusi kwa gata, ule mfereji wa paa, mimi nimeshika ngazi. Ukaniambia, "Nikianguka usilie, mama. Uza hizi mabati uolewe tena." Nikakwambia mabati ni za mwenye ploti, kwa hivyo ushuke polepole. Ulicheka mpaka ngazi ikatikisika. Halafu tukajaza magunia udongo, tukayapanga mlangoni, tukainua kitanda kwa matofali na kuzima stima. Tuliporudi nyumba ilikuwa kavu. Ulipiga sakafu na kiganja ukasema, "Hapa mtoto wetu atalala vizuri."

Mimi nilikuamini, Baba Nafula. Hata sasa nikikumbuka hicho kiganja nataka kukasirika na nataka kulia, vyote pamoja, na sijui kianze kipi.

Mtoto akazaliwa mvua ikinyesha, tukamwita Nafula, jina la kwetu la msichana wa mvua. Kisha ikaja Agosti ya tohara. Ndugu yako mdogo, ambaye ndiye wa kutahiriwa, alikuwa ameshaanza kuzunguka na njuga akialika jamaa, na mama yako akaniita Chwele mapema nisaidie kupikia wageni. Nilimfunga mtoto mgongoni nikakuacha ufunge nyumba. Nilikwambia usisahau magunia ya mlangoni. Ukanijibu, "Wee mama, si mimi ndiye nilikufunza?"

Kesho yake ukafika Chwele na filimbi mdomoni. Nikakuuliza umefunga vizuri? Ukasema mbele ya watu wote, "Nimefunga mpaka panya atafute pa kupitia akose!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kumbe ulikuwa unasema kweli tupu. Ulikuwa umeziba lile tundu la ukutani la kutolea maji nyuma kwenye mteremko, pale kona ya kuoshea vyombo, ukashindilia gunia ndani. Sawa, kila mtu hapa ploti akisafiri huziba tundu kwa sababu ya panya. Lakini wao kwanza huzuia mlango! Wewe uliziba pale maji hutokea ukaacha wazi pale huingilia. Ndugu yako alikupigia kwamba wameanza kucheza, ukatoka mbio kama mwenye kutahiriwa ni wewe.

Nilirudi Kitale mimi na mtoto tu, kwa sababu wewe ulikuwa bado unasindikiza wenzako. Nilifungua mlango jua la saa sita, maji yakanijia miguuni. Yalikuwa yamekaa humo mpaka yananuka. Kitanda hukuinua. Ile blanketi mama yangu alimfumia Nafula ilikuwa inaelea pamoja na kandambili yako. Nilivuta hilo gunia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto, nikasimama nikisikiliza maji yakitoka.

Wiki hiyo jua halikutoka tena vizuri. Hakuna kitu kilikauka. Nafula akaanza kukohoa, halafu nikaona mbavu zake zinaingia ndani akivuta pumzi. Hospitalini wakasema ni nimonia, wakamtia mpira wa oksijeni puani. Nikakupigia. Unakumbuka ulichosema? Mimi nakumbuka. Ulisema, "Maji ni maji tu bana, si yatakauka?" Mtoto wa miezi miwili, kifua kinapiga kama kifaranga, na nyuma ya sauti yako nasikia njuga.

Na ulipokuja hatimaye, uliuliza kama redio yako bado inaongea.

Ndiyo ukaenda Nairobi kwa mjengo. Ati ukipata nyumba utatuita. Huko unajengea watu wengine nyumba, nami nashangaa, hizo nazo unazifunga vipi?

Sasa sikiliza. Nafula alipona. Anakimbia, anaongea kuliko mimi. Radi ikipiga anaiambia, "Nyamaza, mama amelala!" Nikimwogesha bado huwa naweka sikio kwa kifua chake nisikie kama kuna kitu kinakwaruza. Hakuna. Kila siku hakuna, na kila siku naweka sikio.

Wiki hii nimejiandaa kusafiri. Mtaro nimechimba upya, gata nimetoa majani mwenyewe, magunia nimeyapanga mlangoni. Tundu nimeliwekea waya, maji yapite na panya abaki nje. Mama Wanjiku wa mlango wa pili, ambaye kwao ni hapa hapa Kitale na hutuwekea funguo tukisafiri, alisimama akanitazama, mikono kiunoni. "Wewe Mama Nafula, unajiandaa kwa mvua ama kwa bwana?"

Nikamwambia, "Wote si huingilia mlangoni?"

Alicheka akashika ukuta. Kisha akaniuliza polepole, "Na akikuja kuniuliza ufunguo?"

Nimemwambia asikupe. Hata ukija na mama yako. Hata ukiimba. Hicho chumba ndicho mtoto wangu atarudi kulala, na nitakikuta kikavu, kwa sababu hakuna mtu atakigusa ambaye kwake maji ni maji tu.

Lakini sijasema usije. Mimi si mtu wa kumnyima mtoto baba yake, na moyo wangu, pamoja na hasira yote hii, bado una mahali unapongoja wewe uwe mtu. Ukimaliza kucheza Chwele, njoo Misikhu kwa mama yangu, mchana, bila filimbi. Piga hodi kama mgeni mwingine yeyote. Nafula hupenda kukimbilia mlango kabla ya watu wote. Atakuuliza wewe ni nani. Mimi nitakuwa jikoni, nitasikia, na sitakusaidia kujibu.

Safiri salama. Mvua ni nyingi huku.

Ni mimi,
Mama Nafula