Waya Mwekundu Ulioufunga Ukiwa Peke Yako

Yaya Idi, kaka yangu mkubwa,

Konvertisa ya kituo cha afya cha Mama Zawadi, ile mashine inayogeuza umeme wa batri uweze kuwasha taa na friji ya dawa, iliungua Jumatatu asubuhi, wiki ile waasi walipoingia Goma. Siku hiyohiyo nilipoteza kazi ya kituo, na miaka tisa ya kuitwa fundi asiyeunguza vitu vya watu.

Batri ni nne, za volti kumi na mbili kila moja, zimefungwa mfululizo: jumla volti arobaini na nane. Nilizifungua mwenyewe Jumamosi, nikazitoa dirishani na kuzipeleka chumba cha ndani kwa sababu ya mabomu. Jumatatu risasi zilinikwamisha mtaa wa Majengo. Wewe ulikuwa Katindo, hatua mia mbili kutoka kituoni, nikakupigia: "Yaya, uende uwafungie zile batri, kuna mama ako nazaa." Ukasema, "Usijali, mudogo." Mama Zawadi anasema alisikia pah! akakimbia, akakuta moshi na wewe unakusanya koleo. Ukamwambia mashine ya mdogo wako ilikuwa mbovu. Kesho yake ukapanda boti ya Bukavu.

Yule mama alijifungulia kwenye mwanga wa simu. Mtoto mzima, mama mzima. Hilo lilikuwa bahati, siyo kazi yetu.

Unakumbuka mwaka wa volkano, tuliporudi kutoka ukimbizini Sake na majivu masikioni? Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Papa Balume. Ulichukua rezistansi ya om hamsini, kile kizuizi kidogo kinachopunguza kasi ya umeme, ukaiweka kati ya batri na mashine, ukamwambia, "Papa, uhesabu mpaka kumi, kwa sauti."

"Mimi muzee, unanirudisha shule ya primaire?"

"Vikopo vya ndani ya mashine, vile vinaweka umeme, viko na njaa, papa. Ukivipa sufuria yote mara moja, vinapasuka."

Akahesabu, majirani wakacheka. Ulipima, volti za mashine zikawa sawa na za batri, ndipo ukafunga waya mwekundu. Hakuna cheche. Tangu siku hiyo hatukufunga batri za mtu bila mwenye nyumba kuhesabu. Wengine walituita "watu wa kumi". Mimi nilikuwa najivunia, sijui wewe.

Kwa hiyo unajua vizuri kuliko mimi. Vikopo vikiwa vitupu, waya ukigusa moja kwa moja, vinavuta mamia ya ampea kwa nukta moja. Kupitia om hamsini ni ampea moja tu. Sekunde kumi, Yaya.

Niliifungua ile mashine mezani kwangu. Vikopo viwili vimevimba, kimoja kimepasuka. Ncha ya waya mwekundu imeyeyuka. Na rezistansi niliikuta kwenye mfuko wa vifaa uliouacha kituoni, bado imefungwa kwenye plastiki niliyoifunga mimi Jumamosi. Mama Zawadi nimemuuliza kama alihesabu. Akasema, "Nani aliniita nihesabu?"

Mtu aliyeharakisha kwa ajili ya mama anayezaa, chini ya risasi, siwezi kumkasirikia. Kinachonikera ni lile neno lako, "mbovu". Vituo vingine vitatu vimelisikia, na kimoja kimeniambia nije niondoe mitambo yangu.

Mama yetu anakusalimia, mguu wake umepona. Ukae salama huko.

Ijumaa saa nne Mama Zawadi anakutana na mafundi wengine, awape kazi yangu. Namba yake unayo. Mpigie kabla ya saa tatu, umwambie ulichofanya, kisha uniandikie neno moja tu, ndiyo au hapana: ulitumia ile rezistansi?

Mdogo wako